Siku Nne za Kuonekana

Sherehe ya kumuaga Mwantumu ilichukua dakika kumi na tano, na katika hizo, tano zilikwenda kwa kumtafuta mwenye kifungulio cha soda. Mwalimu mkuu, Bwana Manasseh, alisimama akasema mwalimu huyu ametoka mbali, Tanga huko Tanzania, amefundisha Kiswahili hapa kwa miaka mitatu na alama za watoto zimepanda. Kisha akamkabidhi chupa ya chai iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Makofi yakapigwa. Walimu wakamaliza mkate wao, wakapangusa mikono, wakarudi kusahihisha mitihani. Hakuna aliyemuuliza anaondoka saa ngapi wala anapitia wapi.

Na njia alikuwa nayo, tena nzuri. Alikuwa ameichora nyuma ya daftari la maazimio ya kazi tangu mwaka wa kwanza: Kisii hadi Busia, Jinja, Kampala, Masaka, Bukoba, kisha meli hadi Mwanza, na mwisho nyumbani. Azunguke ziwa lote, mwezi mzima, bila kengele ya kumwamsha wala daftari la kusahihisha. Mtu anayekwenda kutembea nchi za watu kwa raha zake hutakiwa awe na furaha. Mwantumu hakuwa nayo. Alikaa kwenye kiti chake katika chumba cha walimu, chupa ya chai mapajani, akajiona kama mtu aliyesahauliwa kituoni.

Ukweli usemwe, upweke wake haukuanza siku ile. Mwezi wake wa kwanza pale shuleni, nje kidogo ya Keroka, alikuwa na rafiki. Nyanchama, mwalimu wa dini, ndiye aliyemtafutia chumba, akamfundisha kuamkia watu kwa Ekegusii, lugha ya wenyeji, na kuwasha jiko la makaa yaliyolowa mvua. Jumapili moja akampeleka kwao Itumbe, kwa mama yake. Baada ya Jumapili hiyo, basi. Jumatatu ikawa "habari" na "nzuri", na ikabaki hivyo hivyo miaka mitatu. Walimu wengine nao wakapoa mmoja mmoja, bila ugomvi, bila neno baya. Hakualikwa tena popote. Jioni baada ya jioni Mwantumu alijipikia, akala akitazama ukuta, akajiuliza. Labda hawawapendi Watanzania. Labda alimsahihisha mtu Kiswahili mbele ya watu. Labda ni mtandio wake. Aliligeuza jambo hilo mpaka likalainika kama noti ya zamani, na jibu hakulipata.

Jioni hiyo ya mwisho akapiga moyo konde, akamngoja Nyanchama langoni.

"Ndugu yangu, mimi naondoka kesho."

"Nimesikia. Safari njema."

"Nina neno moja tu, na nakuomba unijibu. Nilikukosea nini?"

Nyanchama alihamisha mkoba kutoka bega moja hadi jingine. "Miaka mitatu, ndio unauliza leo?"

"Niliogopa."

"Uliogopa! Si wewe ndio ulituogopa sisi? Ulikataa kuku ya mama yangu, mwalimu. Hiyo kuku alichinja juu yako. Ukasema ni tumbo. Hata chai hukukunywa. Halafu Jumatatu nikakuona hapa na macho yangu, unakula wali na nyama, sahani imejaa. Hiyo tumbo ilipona na nini?"

Mwantumu alishika nguzo ya lango.

Maana alikumbuka. Alimkumbuka yule kuku, mwekundu mwenye shingo tupu, na mama mzee akimshika mabawa na kumchinja mwenyewe nyuma ya jiko. Mwantumu ni Mwislamu; nyama ya kuchinjwa hivyo haipiti kooni mwake. Nyama ya shuleni ilikuwa habari nyingine. Hiyo ilitoka machinjioni, na machinjioni anayeshika kisu ni mzee mmoja Mwislamu. Wiki yake ya kwanza Mwantumu alikwenda mwenyewe kuhakikisha. Lakini pale Itumbe, mgeni wa mwezi mmoja, Mwislamu peke yake katika nyumba iliyojaa Wasabato, angeanzaje kumwambia mama wa watu kwamba mkono wake hauchinji sawasawa? Aliona ni kuvunja heshima. Basi akatoa uongo wa adabu, tumbo linanisumbua mama yangu, na alipokwisha kuutoa ikambidi aulinde, chai ikapita, ndizi ikapita, akarudi Keroka na njaa akijisifu kimoyomoyo kwa malezi yake mema.

Alimweleza Nyanchama yote hayo, pale pale langoni, maneno yakigongana.

"Ungesema tu," Nyanchama akasema.

"Nilidhani nitamvunjia heshima."

"Na sasa hukumvunjia?" Sauti ya Nyanchama ilikuwa imeshuka, na hilo lilikuwa baya kuliko ukali. "Wewe hujui ulifanya nini. Siku hiyo watu walikuwa wengi hapo kwetu, majirani, watu wa kanisa. Ndugu yangu Ombui alikuwa amekufa, hata mwaka haujaisha, kijana mzima, ugonjwa wa wiki mbili. Watu walikuwa wanatafuta mahali pa kutundika hicho kifo. Mgeni anakuja kutoka nchi ingine, hajui mtu, hana maneno na mtu, na anakataa chakula ya huyo mama. Wakasema mgeni ameona kitu, ati mama ndiye aliweka sumu kwa chakula ya Ombui. Wewe ndio uliwapatia msumari."

"Mtume! Nyanchama, mimi..."

"Sabato ya kula pamoja, mama yangu anapeleka sufuria yake kanisani kama wengine. Inarudi nyumbani imejaa. Miaka mitatu. Nimemwambia aache kupeleka, anasema hapana, siku moja mtu atasahau na atachota." Nyanchama akaangalia barabara. "Safari njema, mwalimu."

Mwantumu hakula usiku ule. Basi lake la Busia lilikuwa liondoke Kisii saa nane mchana wa kesho yake. Akapiga hesabu: akitoka alfajiri, atafika Itumbe mapema, ataomba radhi, na saa sita atakuwa amesharudi mjini. Watu wengi tunapenda radhi ya namna hiyo, ile inayokwisha kabla ya chakula cha mchana.

Kutoka Ogembo alichukua bodaboda, begi lake likiwa limefungwa nyuma. Alimkuta mama mzee, Nyakerario, katikati ya majani chai yake, kapu mgongoni, vidole vikikwanyua bila macho kusaidia. Mashamba ya jirani yalikuwa na wachumaji watatu watatu, wanne wanne, wakipiga soga. Yeye alikuwa peke yake, na mistari miwili ya chai upande wa mpakani ilikuwa imeachwa bila kuchumwa, kana kwamba jirani hakutaka hata kiwiko chake kikaribie.

"Shikamoo, mama."

Mama mzee alimtazama kuanzia miguuni. "Wewe ni ule wa kuku."

"Ndiye mimi."

Akamweleza. Safari hii alisema polepole, moja baada ya moja, dini yake, kisu, uongo wa tumbo, nyama ya shule. Nyakerario hakuacha kuchuma. Aliposikia yote akauliza, "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, mama."

"Ungeniambia, ningekuchemshia mayai. Hiyo kuku ilikuwa inataga."

Hapo Mwantumu akalia. Alilia kwa sababu ya mayai, jambo dogo hivyo, na kwa sababu miaka mitatu ya kula akitazama ukuta aliipika mwenyewe, tena akampakulia mtu mwingine aliyekuwa na hatia kidogo kuliko yeye. Mama mzee alimwacha alie. Hakumbembeleza, na hakuwa na deni la kumbembeleza.

"Nipe chakula leo," Mwantumu akasema, akipangusa uso kwa mtandio. "Chochote usichochinja. Niwekee kigoda pale nje kando ya njia. Nitakula kila mtu akiona."

Vidole vya mama mzee vilisimama kwa mara ya kwanza.

"Unaondoka lini?"

"Leo. Basi ni saa nane. Naenda Uganda, halafu nizunguke mpaka kwetu."

"Basi usikule."

"Kwa nini, mama?"

"Ukule hapa, watu wakuone, halafu upotee? Nani atawaambia ulifika? Watasema mwalimu alirudi, akakula kwa Nyakerario, na tangu hiyo siku hakuna mtu ameona yeye tena." Alisema hayo bila hasira, kama anayeeleza bei ya chumvi. "Mwalimu, mara ya kwanza uliniumiza. Usinimalize mara ya pili."

Upepo ukapita juu ya chai. Mwantumu alisimama pale na begi lake, na kwa kweli alitamani kukimbia. Bodaboda alikuwa bado yuko barabarani akichezea simu. Lilikuwa jambo la kupanda tu.

"Ni siku ngapi?" akauliza. "Mpaka waamini?"

"Wanasema hiyo sumu inashika kabla ya siku ya nne."

"Wanasema akina nani?"

"Wenye kusema."

Basi la Busia liliondoka saa nane kamili, na kiti cha dirishani cha Mwantumu kikakaliwa na mtu mwingine.

Siku ya kwanza alikula ugali, maziwa lala yaliyoganda na chinsaga, ile mboga chungu ambayo kwa miaka mitatu aliikwepa hata shuleni. Alikaa kwenye kigoda kando ya ua, pale njia ya kituo cha kupimia chai inapopita, akamega tonge kubwa kubwa na kutafuna bila haraka. Wapita njia walisalimia. Walipunguza mwendo, wakamtazama mdomo, kisha koo, kisha wakaendelea. Wengine walirudi wakitafuta kitu walichosema wamekiangusha. Mwantumu akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akailaza kifudifudi ili wote waone imekwisha.

Usiku alilala katika chumba alicholala Nyanchama alipokuwa msichana. Aliposwali, mama mzee alisimama mlangoni akimtazama mpaka mwisho, akaenda kufunga ng'ombe.

Siku ya pili alibeba kapu, akaenda naye kituoni. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye benchi la mbao wakimngoja karani wa mizani. Mama mzee alipoweka kapu lake, makapu mengine yalisogea kidogo, taratibu, kwa mazoea, kama watu wanavyompisha mwenye gari. Mwantumu aliona kwa macho yake yale aliyosimuliwa, akahisi moyo unamuuma kama jino. Akaweka la kwake ubavuni mwa la mama mzee. Aliwaamkia wote, mmoja mmoja, kwa Ekegusii chake cha mwezi mmoja, wakacheka kidogo kwa lafudhi yake. Alipoteleza kwenye tope wakati wa kuondoka, benchi zima likanyamaza. Akainuka, akajikung'uta, akasema kwa sauti, "Ni viatu hivi, vimelika!" Hakuna aliyecheka safari hiyo.

Jioni simu ikalia. Alikuwa Nyanchama.

"Mama ameniambia. Bado uko?"

"Nipo."

"Unakula?"

"Nakula."

Mwantumu alingoja neno moja zaidi, lolote, hata la kumkaripia.

"Kula vizuri," Nyanchama akasema, akakata.

Siku ya tatu, Mungu naye akaleta mitihani yake. Mwantumu aliamka na tumbo linamsokota kwelikweli. Alikwenda msalani mara tatu kabla jua halijachomoza, na mara ya tatu alipotoka alimkuta Nyakerario ameketi kizingitini, mikono imelegea mapajani.

"Nimekwisha," mama mzee akasema. "Sasa nimekwisha."

"Ni maziwa tu, mama! Sijazoea maziwa lala, nimekunywa vikombe vinne. Hili ni tumbo la pupa."

"Mimi najua. Wao watajua?"

Basi tumwone huyu mwalimu aliyedanganya kuumwa alipokuwa mzima. Siku hiyo ilimbidi adanganye uzima akiwa anaumwa. Aliosha uso, akajipaka wanja, akabeba kapu, akashuka njia yote hadi kituoni akisalimia kila ua. Kwa kila salamu tumbo lilimkata. Alimsifia mmoja mtoto, mwingine ng'ombe. Alisimama foleni saa nzima, jasho likimteremka mgongoni chini ya sweta, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mwanamke mmoja alimuuliza mbona amepauka. "Nimekumbuka kwetu," akajibu, na hilo halikuwa uongo. Alipokuwa akipanda kilima kurudi alijishika kwenye ua mara mbili, kila mara akijifanya anafunga kamba za viatu. Alipofika ndani akaanguka kitandani. Mama mzee akamletea uji mwembamba wa wimbi, akakaa pembeni ya kitanda akimshikia kikombe, na katika siku zote zile hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Kufika jioni tumbo likatulia. Mwantumu akatoka na kigoda chake, akala nje kama kawaida, ijapokuwa kidogo.

Siku ya nne ilikuwa na manyunyu. Saa nne hivi mwanamke mmoja akatokea kwenye njia, mnene, mwavuli mkononi, kapu tupu begani. Alikuwa Persis, mke wa shemeji yake Nyakerario, wa boma la pili, mwenye ile mistari miwili ya chai. Yeye ndiye, kama Mwantumu alivyosikia Nyanchama akimdokezea mama yake kwenye simu, aliyekuwa wa kwanza kusema mgeni ameona kitu. Alisimama nje ya ua.

"Mwalimu. Bado uko?"

"Nipo, mama. Karibu."

"Na unakula hapa."

"Siku ya nne leo. Chakula cha mama kitamu, angalia nilivyonenepa."

Persis hakucheka. Alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, kisha akatazama mlango wa jiko. Ndani, mama mzee alikuwa ameacha kuchochea moto. Hata kuni zilisikika zikilia. Mwantumu alijua kwamba neno moja la kumsihi lingeharibu yote, na kwamba kila alichokivunja kilikuwa kimesimama pale nje ya ua, chini ya mwavuli, kikifikiri.

"Hii mvua," Persis akasema hatimaye. "Kuna chai?"

Nyakerario alitoka na kikombe. Alikuwa amekijaza hadi ukingoni, chai ikamwagikia vidoleni, na hakuonekana kusikia moto. Persis akabana mpini wa mwavuli shingoni, akakipokea kwa mikono miwili. Alikipuliza. Alikitazama muda mrefu kuliko chai inavyohitaji kutazamwa. Kisha akanywa, akameza, akasubiri kidogo kama mtu anayesikiliza mlango, akanywa tena.

"Umeweka sukari kidogo," akasema.

"Sukari imepanda," mama mzee akajibu.

Hivyo tu. Persis akafunga mwavuli, akainama, akaingia jikoni. Wakaanza kwa Ekegusii, kwanza maneno mawili mawili, kisha mengi, kisha yakaja kwa kasi, jina la Ombui likasikika, halafu sauti ya mmoja wao ikakatika na ya mwingine ikaichukua. Mwantumu hakuelewa. Angeweza kuelewa. Miaka mitatu inatosha kujifunza lugha ya watu, ukiwa na watu wa kuzungumza nao. Alibaki nje na kigoda chake. Hakuna aliyemsahau kwa ubaya, ila wanawake wawili waliokuwa na mambo ya miaka mitatu ya kuambiana hawakuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

Alisikia furaha, na ndani ya furaha hiyo upweke mkali kuliko wa jioni zote za Keroka. Haya yangekuwa ya kwake pia. Angekuwa na jiko la kuingia bila hodi, na rafiki wa kumsindikiza leo hadi barabarani akimbebea begi. Na kilichomkosesha kilikuwa sentensi moja tu ambayo hakuisema.

Aliingia chumbani, akakunja shuka, akachukua begi. Alipotoka alisimama karibu na mlango wa jiko, mkono umeinuliwa tayari kubisha. Ndani, mama mzee alikuwa anamimina kikombe cha pili, na Persis alikuwa amevua viatu na kunyoosha miguu kuelekea motoni. Mwantumu alijua adabu za pale: akiaga, mama mzee atainuka kumsindikiza, na Persis naye atainuka, na kikombe kitabaki nusu.

Akashusha mkono. Akashuka njia taratibu, akikwepa madimbwi, akafika barabarani na kusimama kungoja gari la kwenda Kisii. Watu walikuwa wakipita na makapu yao. Walimsalimia, akaitikia, wakaenda zao bila kugeuka kumtazama.